Shati la Karatasi kwa Siku ya Wazazi

Nchini Kongo tarehe 1 Agosti ni Siku ya Wazazi. Asubuhi watu hushika majembe na mapanga, wakaenda kufyeka na kufagia makaburi ya wazee wao. Mchana hurudi nyumbani kukaa na kula pamoja na wazazi walio hai. Ni sikukuu ya taifa, na mpangilio wake unanipendeza kuliko wa sikukuu nyingine yoyote ya eneo hili la Maziwa Makuu: waliotangulia kwanza, kisha waliopo, wote katika siku moja.

Sasa mtoto wa Kasongo au wa Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, ampe nini baba yake mchana ule? Shati jipya ni la mwenye pesa, na mtoto wa miaka kumi hana pesa. Lakini ana daftari lililoisha mwezi uliopita, ana biki, na ana vidole. Kwa hivyo napendekeza ampe shati la karatasi: kadi iliyotengenezwa kwa mkono, ambayo juu yake limebandikwa shati dogo lililokunjwa, lenye kola na mikono. Kadi za namna hii ni za kawaida Ulaya na Marekani, ambako watoto huwapa baba zao katika Siku ya Baba, mara nyingi mwezi Juni. Hazihitaji umeme, mashine wala duka. Nataka sana zifike kusini mwa Maniema, ila zifike zikiwa zimevaa nguo za Maniema.

Tuanze na mkunjo wenyewe, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipo. Kata karatasi ya A4 vipande viwili sawa. Nusu moja ikunje katikati: hiyo ndiyo kadi yenyewe. Nusu ya pili ikate tena, upate robo mbili. Robo moja ni shati. Robo iliyobaki ni ya kujifunzia, maana shati la kwanza karibu kila mara hutoka bega moja limepanda.

Laza robo ya shati mezani, upande mfupi ukiwa karibu nawe. Ikiwa karatasi ina rangi upande mmoja tu, upande wenye rangi ulale chini, utazame meza. Ikunje katikati kwa urefu kisha uikunjue, ubaki na mstari. Lete ubavu wa kulia hadi kwenye mstari huo, halafu wa kushoto, kingo zikutane bila kupandana, kama mbao mbili za mlango uliofungwa. Sasa mikono. Pale chini, karibu nawe, shika pembe ya ndani ya kila ubao, zile pembe mbili zinazokutana katikati, uzivute nje kwa mshazari mpaka ncha zake zipite ubavu wa karatasi. Mkunjo huo uanzie kwenye pembe ya nje kabisa ya chini, upande hadi mstari wa katikati, na ufike juu, kama sentimita tano. Wengi huukatiza mapema mno. Ncha hazitokezi, na shati linakosa mikono.

Kola iko upande wa pili, juu. Kunja ukingo wote wa juu kwenda nyuma, upana wa sentimita moja. Kisha lete pembe mbili za juu mbele, zikutane katikati, chini kidogo ya ukingo mpya. Ule utepe uliokuwa umejificha nyuma sasa unatokea mbele, na hapo ndipo watoto hushangilia, kwa sababu karatasi iliyokuwa karatasi tu ghafla ina shingo. Mwisho, pandisha sehemu ya chini yote hadi juu na uiingize chini ya ncha za kola. Pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila mkunjo, kwa nguvu. Una shati la urefu wa sentimita saba hivi, linaloenea vizuri juu ya kadi yako. Vifungo ni nukta za biki. Mfuko wa kifuani ni kipande cha mraba, mdogo kuliko unavyodhani.

Jambo moja kuhusu daftari, na ni zuri kuliko yote. Kurasa za daftari zina mistari. Ukikata robo yako ili upande mrefu ufuate mistari, mistari hiyo itasimama wima juu ya shati, na utakuwa na shati la milia ambalo hukupaka hata tone la rangi. Daftari la hesabu, lile la vijumba, linatoa shati la drafti. Na kama ukurasa umeandikwa, usiutupe: hesabu za mtoto mwenyewe, zilizosahihishwa kwa wino mwekundu wa mwalimu, zikitokea mgongoni mwa shati la baba aliyelipia lile daftari, zina maana ambayo karatasi tupu haiwezi kuwa nayo.

Majira ya sikukuu hii yanafaa kwa kazi hii pia kwa sababu ya hewa. Kasongo na Kabambare ziko katika nchi ya mvua nyingi, kati ya msitu na savana, na wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu ikalegea: mkunjo unaoukaza jioni, asubuhi umeshafunguka. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Karatasi inakauka, mkunjo unakaa, gundi inashika upesi. Shule nazo zimefungwa, watoto wako nyumbani, na madaftari ya mwaka uliopita bado hayajageuzwa kuwa ya kufungia karanga sokoni.

Gundi ipo jikoni. Wanga wa muhogo uliokorogwa kwenye maji baridi kisha ukachemshwa polepole mpaka uwe mzito na wa kung'aa unabandika karatasi vizuri kabisa. Wali uliopikwa ukapitiliza, ukapondwa na kuchujwa kwa kitambaa, ni bora zaidi, na Wajapani, ambao sanaa yao ya kukunja karatasi inajulikana duniani kote kwa jina la origami, wametumia gundi ya mchele kwa karne nyingi. Maniema haina haja ya kuagiza mchele. Ulikuja huku na misafara ya Waswahili katika karne ya 19, enzi ambazo Kasongo ilikuwa makao makuu ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, na mashamba ya mpunga yakabaki hata baada ya majeshi ya Wabelgiji kuuteka mji mwaka 1893. Paka gundi kidogo tu, nyuma ya kifua cha shati, siyo kwenye mikono; mikono iachwe huru ili shati lisimame kidogo juu ya kadi. Gundi ya wanga huwavutia mende, kwa hivyo kadi isikae karibu na chungu.

Mtu atasema karatasi yenyewe ni adimu. Ni kweli, na katika nchi hii uadimu huo ni wa zamani. Mmisionari na msafiri David Livingstone alikwama Kabambare, mahali alipopaita Bambarre katika maandishi yake, kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, akiuguza vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea. Karatasi ikamwishia. Alipofika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, kaskazini-magharibi ya Kasongo, aliandika shajara yake ya 1871 juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliokamuliwa kutoka matunda ya mmea ambao wenyeji waliutumia kutia nguo rangi. Juu ya vipande hivyo vya gazeti ndipo alipoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku watu wa misafara walipowafyatulia risasi wanawake waliokuwa sokoni Nyangwe. Wino ule ulififia mpaka ukawa hausomeki. Ilibidi kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lipige picha kwa miale ya mwanga wa rangi mbalimbali, na maandishi yakasomeka tena na kutangazwa mwaka 2011.

Habari ile ni nzito kuliko kadi ya mtoto, na siilinganishi nayo. Naitaja kwa sababu mbili. Kwanza, gazeti kuukuu, ukurasa wa kalenda iliyopita muda, jalada la daftari na karatasi ya kampeni ya uchaguzi vyote ni karatasi halali ya kadi. Jalada la daftari hasa ni gumu kiasi cha kusimama, ukilibandikia karatasi nyeupe juu. Pili, andika kwa biki au kwa penseli. Rangi za majani na matunda zinapendeza kupakia shati, lakini maneno ya mtoto kwa baba yake yasiachwe kwenye wino unaoondoka.

Sasa nguo. Hapa ndipo ninapotofautiana na vielelezo vinavyotoka nje. Vinaonyesha shati lenye tai, la karani wa mji wa mbali. Katika Kongo tai ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rais Mobutu aliipiga marufuku suti ya Kizungu pamoja na tai yake, akaleta abakosti, koti lisilohitaji shati wala tai ndani, na kwa karibu miaka ishirini hakuna mwalimu, karani wala mkuu wa wilaya aliyefika kazini bila hilo. Tai ilirudi baada ya hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990, alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Babu aliyefundisha shule ya msingi enzi nchi ikiitwa Zaire alivaa abakosti miaka yake yote ya nguvu. Kumkunjia shati lenye tai ni kumpa picha ya mtu mwingine. Chukua karatasi nyeusi au ya kahawia, kola iwe ndogo, chora vifungo vitano wima na mifuko kifuani. Atalijua.

Kwa mzee Mwislamu, na Waislamu wa Kasongo ni jamii kongwe yenye misikiti na shule zake, kunja kanzu. Tumia nusu ya A4 iliyokatwa kwa urefu, ikunje kama shati, ila uache kola kabisa. Ukishapandisha sehemu ya chini hadi juu, kata shingo ya mviringo kwa mkasi upande wa mbele tu. Kisha chora darizi: mstari unaozunguka shingo, halafu mstari unaoshuka kifuani na kuishia na kishada. Darizi ndiyo kanzu. Mtoto asiharakishe hapo. Nukta ndogondogo kwa biki ya bluu, moja baada ya nyingine, zinafaa kuliko mstari mmoja mnene. Kanzu hii ni ndefu, kama sentimita kumi na tano, kwa hivyo kadi yake iwe karatasi nzima ya A4 iliyokunjwa katikati. Kadi hiyohiyo inafaa kwa Idi, na hapo ndani maneno ni mawili tu, Idi Mubaraka, na jina la anayetoa.

Siku ni ya wazazi, siyo ya baba peke yake. Mama hapewi shati la kiume. Mkunjo uleule, bila kola, mikono ikiwa mipana zaidi, unakuwa libaya, ile blauzi ya kike. Chini yake bandika kipande cha kikwembe, yaani kitenge. Mafundi cherehani hubakiwa na vipande vidogo visivyofaa kitu kingine, na fundi akiombwa na mtoto kwa adabu hatanyima. Ukibahatika kupata kipande cha kikwembe kilekile alichoshonea mama nguo yake ya sikukuu, umemaliza kazi. Kitambaa kikibandikwa kwanza juu ya karatasi nyembamba kwa gundi ya wali, kikaachwa kikauke chini ya jiwe, kinakunjika pamoja na karatasi bila kufumuka. Kikwembe kizito kina ukaidi, chagua chepesi.

Na shati jeupe ni la shule. Kotekote Kongo mwanafunzi huvaa shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, toka Kinshasa hadi kijiji cha mwisho cha Kabambare. Kadi ya shati jeupe iliyobandikwa juu ya karatasi ya bluu inamfaa mwalimu tarehe 30 Aprili, siku ya elimu. Inamfaa pia kijana aliyefaulu mtihani wa taifa. Matokeo yanapotoka, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na mabegani, huku mitaa ikijaa nyimbo. Kadi ya shati jeupe iliyopulizwa poda kidogo ni mzaha ambao kila Mkongomani ataufahamu bila kuelezwa. Wakenya, kwa miaka mingi, waliwanunulia watahiniwa kadi za kuwatakia heri kila msimu wa mitihani, na ikawa biashara iliyoeleweka hadi vijijini. Sisi tunaweza kuanza na kadi ya kumpongeza aliyekwisha kufaulu.

Biashara, basi. Je, kuna pesa katika kadi hizi? Mjini Kigali kampuni ya Cards from Africa, iliyoanza mwaka 2004, ilijengwa juu ya karatasi za ofisini zilizotupwa: zililowekwa, zikapondwa, zikageuzwa karatasi mpya ya mkono na kuuzwa nchi za nje kama kadi. Wafanyakazi wake walikuwa vijana waliofiwa na wazazi na kubaki kuwalea wadogo zao. Nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini Kigali ina uwanja wa ndege, umeme na wanunuzi wa ng'ambo. Kabambare iko zaidi ya kilomita mia moja mashariki ya Kasongo kwa barabara ambayo mvua huifunga, na eneo lake limeumizwa kwa miaka mingi na makundi yenye silaha, hasa upande wa Salamabila kwenye dhahabu ya Namoya. Sitamwahidi mtu yeyote huko soko la nje. Ninachokiona ni soko la karibu: mtu mmoja mwenye mkono mwepesi katika mtaa, anayekunja kadi za harusi, za kipaimara, za Idi na za Siku ya Wazazi kwa watu wanaomjua. Harusi moja inaweza kuhitaji kadi mia. Kwenye kadi ya harusi shati hukaa pembeni mwa gauni, na gauni ni mkunjo mwingine, wa mraba, nao unajifunzwa kwa siku moja.

Hata hivyo thamani kubwa zaidi naiona darasani. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi mno, na tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019 madarasa yamejaa kupita kiasi, hana vifaa vya kazi za mikono. Karatasi moja kwa watoto wawili inatosha. Anayekunja anajifunza nusu na robo kwa vidole vyake, anajifunza pembe na mshazari, anajifunza kwamba kosa la mkunjo wa kwanza linalipwa kwenye mkunjo wa mwisho. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule za watoto wadogo mwaka 1837, aliweka kukunja karatasi miongoni mwa masomo yake kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu wa Kasongo asimngoje mfadhili kuleta somo hili.

Ndani ya kadi, mtoto aandike Kiswahili anachokisema nyumbani. Asinakili maneno ya kadi ya dukani wala asikimbilie Kifaransa cha sherehe. "Papa, aksanti kwa daftari" inatosha. "Mama, aksanti kwa kunipeleka hospitali" inatosha. Neno moja la kitu kilichotokea kweli lina uzito kuliko ukurasa mzima wa baraka. Asiyejua kuandika achore mkono wake, azungushe penseli kwenye vidole.

Kisha kadi isafiri. Baba wengi hawapo nyumbani tarehe 1 Agosti: yuko Namoya anachimba, yuko Kindu, zaidi ya kilomita mia mbili kaskazini, au yuko njiani anasukuma baiskeli iliyopakiwa mafuta ya mawese na mchele. Posta usiitegemee. Inayotegemewa ni mikono ya watu: dereva wa pikipiki, jirani anayesafiri, wasukuma baiskeli wenyewe, ambao hubeba mizigo ya watu kwa siku nyingi mfululizo. Kunja bahasha kwa ukurasa wa kalenda, upande wa picha ukae nje kwa sababu unateleza na haunyonyi maji upesi. Weka kadi kati ya vipande viwili vya jalada la daftari ili kola isipondeke, funga kwa uzi, andika jina la baba, jina la mtaa, na jina la mtu anayemfahamu kule aendako. Mkabidhi anayesafiri kabla ya tarehe 20 Julai, umwombe asiiweke chini ya madumu ya mawese.